Theluthi ya Mzunguko: Kusawazisha Lenzi ya Kamera Ndogo Darasani

Katika kufundisha biolojia hapa Mvumi, tulisumbuliwa kwa muda mrefu na ua la mtama. Kila mwanafunzi hulijua shuke, lakini ua lenyewe ni dogo mno kuonwa na darasa zima kwa pamoja. Hivyo, tulipopata kamera ndogo iliyojengwa juu ya kibao cha saketi, tuliiunganisha na televisheni, tukaweka ua sentimita 10 mbele yake. Tuliona ukungu mtupu. Tukaamua kwamba kamera ni mbovu, na tukawakataza wanafunzi kuigusa.

Siku ya pili tulimkuta kijana mmoja wa kidato cha tatu ameishika lenzi kwa vidole viwili. Tulimkaripia mbele ya wenzake. Akajibu kwa upole, "Samahani, Mwalimu. Nilikuwa naifungua kidogo tu." Tulipoinua macho, stameni za mtama zilikuwa bayana katika kioo cha televisheni.

Aibu ilikuwa yetu, kwani fizikia pia twaifundisha sisi, na kanuni iliyomwongoza aliipata kwetu: kitu kikisogea karibu na lenzi, taswira husogea mbali zaidi nyuma yake. Lenzi nyingi za kamera hizi zina hesi yenye kipenyo cha milimita 12, na kila mzunguko mmoja huisogeza lenzi nusu milimita. Ikiwa urefu wa fokasi ni milimita 4, taswira ya kilima cha mbali huangukia milimita 4 nyuma ya lenzi. Taswira ya ua lililo umbali wa sentimita 10 huangukia milimita 4.17 hivi. Tofauti hiyo ni theluthi ya mzunguko. Kamera haikuwa mbovu. Ilikuwa imewekwa kutazama mbali.

Tangu hapo twaanza na hesabu hiyo ubaoni. Kisha kila kundi hulegeza nati ya kukazia, hugeuza lenzi polepole kinyume cha mwendo wa saa mpaka taswira ipite ubayana wake, huirudisha kidogo, halafu hukaza. Lenzi isitolewe kabisa, maana vumbi la kiangazi cha Dodoma likiingia ndani huacha madoa katika kila taswira.

Yule kijana tulimwomba radhi mbele ya wenzake walewale. Tusingefanya hivyo, darasa lingejifunza kwamba kanuni ni za kuandikwa daftarini tu. Walimu wenzetu, kabla ya kumwita mwanafunzi mtundu, na tumwulize kwanza alitaka kuona nini.