SEHEMU YA 9: Jumapili Kijiji cha Makumbusho, na ule ubishi wetu wa uji

Wengi mmeniuliza inboksi Jumapili watoto wapelekwe wapi, kwamba ufukweni mmechoka kukung'uta mchanga. Leo nawapa sehemu yetu: Kijiji cha Makumbusho, pale Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam. Kila siku konda anapiga kelele "Makumbusho, Makumbusho!", tunashuka stendi tunakimbilia mambo yetu, kumbe jina lenyewe limetoka kwenye kijiji hicho. Kipo tangu miaka ya 1960, kiko chini ya Makumbusho ya Taifa, na ndani kuna nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Siyo za kuangalia kwa mbali. Unainama, unaingia.

Nendeni mapema kabla jua halijawa kali. Bebeni maji, kofia, na nguo ya kubadilisha. Mwenye mtoto wa pumu asisahau pampu, maana nyumba za udongo na nyasi zina vumbi lake.

Neema wangu (miaka sita) aliupenda msonge wa Wahaya. Nyasi kuanzia juu mpaka chini, akasema ni kapu kubwa limefunikwa. Kisha akauliza, "Mama, dirisha liko wapi?" Hapo akili ya kazini ikaamka. Zamani moto ulikuwa humo humo ndani, mafiga matatu, moshi, na mtoto anatambaa. Mimi mafiga siwezi kuyaangalia kama pambo. Nimesafisha vidonda vya moto vya watoto wengi mno.

Lakini ninachotaka kuwaambia leo ni cha kwenye tembe.

Wanaofuatilia mfululizo huu mnajua nyumbani tuna ubishi. Likizo yangu ya uzazi, zile siku 84, imeisha, nimerudi zamu, kichanga ana miezi minne na anabaki na mama mkwe. Nakamua maziwa, naacha kwenye friji. Na kila nikirudi, Mama ananiambia mtoto ameshindia njaa, maziwa ni maji tu, apewe uji. Mimi nasema miezi sita, Mama. Yeye anasema yeye amelea saba. Baba Neema anatoka nje kuangalia gari.

Mama ni Mgogo, ana miaka sabini na kidogo. Tulipofika kwenye tembe la Wagogo alivua kandambili mlangoni, akasema "Mbukwenyi!" kama vile kuna watu ndani. Tembe ni nyumba ndefu, ya chini, kuta za miti na udongo, na paa lake ni bapa, limefunikwa udongo pia. Kwa jua la Dodoma na uhaba wa nyasi ndefu, ni akili kubwa ile. Ndani kuna ubaridi. Mama akamwonyesha Neema mahali pa kulala, mahali pa ndama, mahali pa kuhifadhi mtama na uwele. Akachuchumaa kwenye jiwe la kusagia, akalisukuma kidogo. "Wameliweka vibaya. Linatakiwa liinamie mbele, unga ushuke."

Halafu akanyamaza. Mkono uko kwenye jiwe. Akasema, taratibu tu, "Mwanangu wa kwanza alizaliwa ndani ya nyumba kama hii."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni amembeba kichanga. Siku zote anajijua yeye ndiye wa kwanza.

Ilikuwa mwaka wa njaa, mwaka wa unga wa yanga, 1974. Alikuwa binti tu. Walikuwa wameshahamishiwa kwenye kijiji kipya, yeye akarudi kujifungulia kwa bibi yake, kwenye tembe lililobaki. Mtoto wa kiume. Chakula hakuna, mtoto analia usiku kucha, bibi akasema maziwa yamekuwa maji. "Nikasaga kwenye jiwe, lakini cha kusaga hakipo. Nilikuwa nasugua vumbi la mtama." Mtoto hakumaliza miezi mitatu.

Hakuna aliyesema kitu. Neema akamshika bibi yake sikio, ndiyo mapenzi yake.

Wamama, miaka hamsini baadaye siwezi kukaa hapa nikawaambia yule mtoto alikufa na nini. Ninachojua ni hiki: mwili wa mama mwenye njaa bado unajitahidi kutengeneza maziwa, na unayatoa kwenye akiba yake mwenyewe. Anayetakiwa kulishwa ni mama. Uji kwa mtoto wa miezi minne unajaza tumbo, ananyonya kidogo, na maziwa nayo yanapungua. Bado sijataja kuhara kunakoletwa na kikombe na maji. Ukitaka kujua kama anashiba, usisikilize kilio peke yake. Hesabu mkojo, mara sita au zaidi kwa siku, na angalia uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda.

Nilimweleza Mama hivyo hivyo, tumekaa nje chini ya mti, bila kitabu. Safari hii sikuanza na "wataalamu wanasema". Nikamwambia, wewe ndiye uliyestahili ule uji mwaka ule. Akaniangalia sana. Akasema, "Mimi?" Halafu akacheka, lakini siyo cheko la furaha.

Mchana ngoma zikaanza. Mama akaanza kumfundisha Neema jinsi wanawake wa Kigogo wanavyobana ngoma ya muheme mapajani, kwa kutumia ndoo yetu ya chakula. Mfuniko umepasuka. Sijali.

Nilipotoka zamu ya usiku Jumanne nilikuta chupa ya uji mezani. Moyo ukanilipuka, nikauliza wa nani. "Wako," akasema Mama. "Kunywa kabla hujamchukua."

Ubishi haujaisha, msifikiri. Juzi amesema mtoto anaangalia sana sahani yake. Kadi inaonyesha ameongezeka nusu kilo tangu mwezi uliopita.

Sehemu ya 10 nitaandika jinsi ya kutunza maziwa uliyokamua kwenye joto letu hili, hasa kwa nyumba zinazokatikiwa umeme. Tumeni maswali.