Mume wangu, rangi na makopo matupu

Siku tatu mimi na baba watoto hatukusemeshana, na wala hakukuwa na mwanamke wa nje. Ilikuwa rangi ya sebule. Yeye alitaka tupake wenyewe, eti wenzetu Marekani wikiendi mke na mume wanashika brashi na mapenzi yanazidi. Mimi nikasema fundi yupo, alipwe.

Alisoma Atlanta, na mpaka leo anaisifia Home Depot kama vile ni ukweni. Nikaona nimchunguze huyo mke mwenza.

Kumbe ilizaliwa na kufukuzwa kazi! Bernie Marcus na Arthur Blank walitimuliwa Handy Dan mwaka 1978. Juni 1979 wakafungua maduka mawili Atlanta. Mali haikutosha kujaza rafu, wakapanga maboksi na makopo ya rangi matupu ili duka lionekane limeshiba. Nilicheka peke yangu, maana kabati letu la vyombo mwaka wa kwanza wa ndoa lilikuwa hivyo hivyo, limejaa kwa mbele tu.

Bei zilikuwa za chini, sawa, lakini kilichowatajirisha hasa ni wale wauzaji wenye aproni za rangi ya machungwa. Wengine walikuwa mafundi kabisa, anakuelekeza namna ya kubadili koki mpaka uelewe. Ukishaiweza koki, utarudi kununua msumeno, na mwisho utataka jiko zima.

Mwaka 2000 akaja bosi mpya, Robert Nardelli, kutoka General Electric. Mauzo yakapanda kutoka kama dola bilioni 46 hadi zaidi ya 80. Ila wazoefu wa kudumu walipunguzwa, wakaongezwa wa muda, na wateja wakalalamika hakuna wa kumuuliza. Januari 2007 akaondoka na kitita cha kama dola milioni 210. Hapo mume wangu huwa anabadilisha mada.

Silaha yangu niliipata China. Waliingia mwaka 2006 kwa kununua maduka 12. Septemba 2012 wakafunga yote saba makubwa yaliyokuwa yamebaki. Wenyewe walikiri: Wachina wanapenda kufanyiwa. Yaani kama sisi! Na mwaka 2024 wakatoa dola bilioni 18.25 kuinunua SRS, kampuni inayouzia mafundi wa mapaa. Hata wao wanamfuata fundi.

Nikamsomea yote kwa mbwembwe. Akasikiliza, halafu akasema taratibu, "Mama, hela ya fundi ninayo. Jumamosi zote uko ofisini unafunga gazeti. Nilitaka moja tu."

Nilikosa la kujibu.

Ukuta wa dirishani tumepaka sisi. Una michirizi, na mgeni akija namkalisha akiupa mgongo. Mitatu iliyobaki kapaka fundi.