Ng'ombe wa Dada

Juzi kijiweni Mugumu ulizuka ubishi. Jamaa mmoja aliyesoma shule ya kata alidai eti chuo kikuu watenge nafasi: waliosoma za serikali zao, waliosoma za praiveti zao. Mwingine akaruka juu, "Kwa hiyo wazazi wetu walilipa ada ili sisi tuadhibiwe?" Basi wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndo najiita mwandishi. Nikanyamaza. Nilikuwa na sababu.

Utaratibu wenyewe hauna maneno mengi. Kidato cha sita ufaulu masomo mawili, jumla alama 4.0, kisha ushindane na wenzako kwa alama hizo hizo. Hakuna anayeuliza ulizipatia wapi. Zamani waliuliza mengine. Novemba 1974, hapa hapa mkoani kwetu, TANU ilipitisha Azimio la Musoma: ukitoka shuleni huingii chuo moja kwa moja, kwanza kafanye kazi, halafu mwajiri na tawi la chama wakupendekeze. Baadaye likalegezwa. Siwezi kusema natamani lirudi, maana sijui ni mwenyekiti gani wa tawi angemnyima mtoto wa shemeji yake. Lakini walau palikuwa na mtu wa kumtazama mwombaji katoka wapi.

Mimi nimetoka kwa dada.

Dada alinizidi akili, hilo kijiji kizima kule Tarime kinajua. Hesabu zangu za shule ya msingi alinifundisha yeye huku anasonga ugali. Mwaka 2014 akaingia shule ya kata. Mwalimu wa fizikia alihama wakiwa kidato cha pili, hakuja mwingine. Hesabu wakafundishwa na kijana aliyemaliza kidato cha sita, naye anasubiri chuo. Mwaka 2016 ada ikafutwa, nyumbani tukashangilia. Mwalimu hakuja hata hivyo. Mtihani wa 2017 dada akapata sifuri.

Hazikupita siku nyingi akaolewa huku Serengeti. Ng'ombe 12. Mzee akawa anawauza mmoja mmoja, nami nikapelekwa Mwanza, shule ya kulipia yenye maabara na walimu wawili wa fizikia. Nilipofaulu watu walinipongeza kwa bidii. Bidii nilikuwa nayo, sikatai.

Jioni ile, baada ya ubishi, nikapita kwake kumwonyesha kwenye simu maombi yangu ya chuo. Akafuta mikono kwenye kanga, akasoma yote polepole.

"Mura, hapa pa shule umeandika ya Mwanza."

"Ndiko nilikosoma, dada."

"Na pa kuandika ng'ombe ni wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mwanawe wa kwanza alikuwa pembeni anahesabu vizibo vya soda. Dada akanirudishia simu, akamwambia mtoto aanze upya, amekosea baada ya 14.