Kabureta ya Modeli Mpya kwa Honda ya Guka

Kila wiki lazima kuwe na msee ameniandikia inboksi: "Buda, niko na CG ya kitambo, kabureta imekufa, naweza weka ile ya modeli mpya?" Namwambia ndiyo. Anachukua hiyo ndiyo, anafunga bolti mbili, na baada ya siku tatu amerudi kunitukana kwa komenti. Kwa hivyo leo naandika yote mara moja, na naanza na kitu ambacho wauza spea hawapendi kusikia: kabureta kuingia kwa injini ni jambo moja, kabureta kulisha hiyo injini ni jambo lingine kabisa.

Pikipiki ninayoizungumzia ni Honda CG125 ya guka yangu. Aliinunua kwa mnada, ikiwa tayari imezeeka, na imeishi kwetu Nyahururu tangu kabla sijazaliwa. Siku hizi inaendeshwa na brathe. Asubuhi anabeba mitungi miwili ya maziwa kutoka kwetu na kwa majirani hadi barabarani, mahali gari la kukusanya maziwa linapita. Gari halingoji mtu. Ukichelewa, unarudi nyumbani na maziwa, na hakuna mtu wa kuyanunua yote saa tatu asubuhi. Hizo pesa za maziwa ndizo zinamsomesha dada yetu, kidato cha tatu. Mimi karo yangu ya chuo ilikatika mwaka wa pili, nikatoka, kwa hivyo usiniambie ati kabureta ni kitu kidogo. Najua vizuri karo ikikatika inakuwaje.

Sasa, CG ni pikipiki ya aina gani? Honda waliitoa 1976, na waliitengeneza wakijua kabisa inaenda nchi ambazo mtu anabeba mzigo kupita kiasi na anabadilisha oili akikumbuka. Wakaacha mnyororo wa ndani unaozungusha kemshafti juu, wakatumia vijiti vinavyosukuma valvu kutoka chini. Injini rahisi, ngumu kuua. Wachina wakaipenda hiyo injini, wakaiga, na ukichungulia pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa hapa Kenya, chini ya tangi unapata mjukuu wa CG. Ndiyo maana kabureta ya pikipiki iliyotoka dukani juzi inaweza kukubali kukaa kwa Honda ya mzee. Ni ukoo mmoja.

Hapo ndipo shida inaanzia, kwa sababu ukoo una wanene na wembamba. Kwa duka utaona PZ26, PZ27, PZ30. Hiyo namba inakaribiana na upana wa mdomo wa upande wa injini kwa milimita. PZ26 ndiyo inauzwa sana kwa injini za 125, PZ27 inaenda kwa 125 hadi 150, PZ30 ni ya 200. Fundi mmoja wa stendi (simtaji, ana watoto) alimfungia brathe PZ30 akimwambia ati itampa nguvu ya kupanda mlima na mzigo. Bei ikiwa juu, na brathe akalipa.

Haikupanda mlima. Ukivuta mafuta ghafla, injini inakohoa, inazama, halafu inakumbuka kazi yake umbali wa mita ishirini baadaye. Akipanda na mitungi nyuma, inazima. Wiki moja alikosa gari la maziwa mara mbili. Anko wetu akasema sasa inatosha, hiyo kitu iuzwe kwa kilo kama chuma chakavu, brathe achukue pikipiki mpya kwa mkopo. Nilisikia neno mkopo nikapanda matatu ya kwenda nyumbani siku hiyo hiyo.

Kwa nini kubwa ilishindwa? Kabureta haina pampu. Kinachovuta petroli ni hewa tu. Hewa ikifika pale kooni pembamba inakimbia zaidi, shinikizo linashuka, na petroli inafyonzwa kupitia vitundu vidogo tunavyoita jeti. Koo likiwa pana kuliko injini inavyohitaji, hewa inapita polepole kama mtu anaenda soko bila pesa, na mafuta hayafyonzwi sawasawa. Injini ya 125 haina pumzi ya kujaza koo la 200. Hii kitu nilichorewa ubaoni mwaka wa kwanza na nikapita mtihani wake, lakini ni pale uani kwa guka, mikono ikinuka petroli, ndipo niliiona ikifanya kazi.

Guka naye alikuwa na msimamo wake. Yeye alitaka ile kabureta ya zamani irudishwe. "Hiyo ni Honda ya Japani, usinitilie takataka." Na ukweli usemwe, kuhusu takataka hakukosea. Hizi kabureta za bei rahisi, mbili kutoka boksi moja zinaweza kuwa tofauti, jeti imeandikwa namba lakini shimo lina mawazo yake, na shaba ni laini, bisibisi mbaya inaiharibu mara moja. Lakini nilimfungulia ile ya zamani mbele yake. Ile slaidi, kipande kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta, ilikuwa inacheza ndani ya nyumba yake kama jino la mtoto. Miaka yote hiyo ya kusugua imekula chuma pande zote mbili. Hewa inapita pembeni, na hakuna kuosha wala gasketi itakayorudisha chuma kilicholika. Nikamwambia, guka, hii imefanya kazi yake. Akanyamaza, akaichukua, akaifunga kwa gazeti. Hajaniambia nimeshinda na sitarajii.

Nikanunua PZ26, shilingi 1,800. Lakini kabla sijaifunga nilimwaga tangi lote kwa karai, na hapa nataka usome pole pole. Kulikuwa na kutu chini kama majani ya chai. Kabureta nyingi mnazosema zimekufa zimeuawa na tangi. Ukifunga mpya juu ya tangi chafu umenunua wiki mbili tu. Nikaosha, nikatoa kichujio cha koki, nikaweka na kichujio kidogo cha plastiki kwa paipu.

Halafu muungano. Kati ya kabureta na injini kuna kile kipande kizito cheusi kinachozuia joto la injini lisichemshe petroli, na kuna pete ya mpira. Fundi wa stendi alikuwa amekiacha nje, ati hakina kazi! Pima matundu ya bolti, pima upana wa mdomo kwa mdomo, hakikisha hakuna ngazi ndani ambapo kimoja ni kipana kuliko kingine. Hewa ikiingia hapo kwa wizi utasumbuka na jeti mpaka uzeeke. Ukishuku, washa injini, nyunyiza maji kidogo pale kwa muungano: mlio ukibadilika, kuna mahali panavuja. Maji, tafadhali. Nimeona video ya mtu akinyunyiza petroli juu ya injini moto na sitaki kujua iliishaje.

Kebo nayo. Injini ikinguruma bila kuguswa, geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Mlio ukipanda wenyewe, kebo ni fupi ama imepitishwa vibaya, na siku moja utapiga kona huku pikipiki inajivutia mafuta yenyewe.

Sasa jeti, na hapa ndipo watu wa Mombasa na watu wa kwetu hawawezi kusikilizana. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, pungufu kama moja ya tano ukilinganisha na ya pwani. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kumwaga petroli kama iko Likoni, hewa haitoshi kuichoma, na moshi unatoka mweusi. Mbaya zaidi, petroli isiyoungua inaosha oili kwa kuta za silinda, na pistoni inasugua chuma kavu. Ukichomoa kijiti cha oili kikanuka petroli, usinunue plagi nyingine, rekebisha kabureta.

Yangu ilikuja na jeti kubwa ya 100. Plagi ilitoka nyeusi kama sufuria ya kuni. Nikashuka 95. Nikajaribu na 90 kwa ubishi tu, injini ikawa nyepesi na tamu kwa dakika kumi, lakini plagi ikatoka nyeupe, na nyeupe ni hatari kuliko nyeusi kwa sababu injini inachemka mpaka pistoni inatoboka. Nikarudi 95. Plagi ikawa rangi ya biskuti. Usininukuu hiyo 95 kama aya ya kitabu. Ni ya injini hii, mlima huu, kabureta hii moja. Ukiwa Kilifi, kuna uwezekano hutahitaji kugusa ile iliyokuja nayo.

Jeti kubwa inatawala tu ukiwa umevuta mafuta karibu yote. Katikati ni kazi ya sindano, ile yenye mikato kwa juu na kishikizo kidogo. Kishikizo kikipanda mkato mmoja, sindano inashuka na mafuta yanapungua. Yangu nilipandisha mmoja. Mwanzoni kabisa ni jeti ndogo na ile skrubu ya pembeni. Kama skrubu iko upande wa kichujio cha hewa, inapima hewa, kuifungua kunapunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini inapima mafuta, kuifungua kunaongeza. Watu wanachanganya hizi mbili kila siku. Ikaze polepole hadi iguse, usiilazimishe, rudisha mzunguko mmoja na nusu, halafu sikiliza.

Nilikaa siku nne nyumbani kwa hii kazi. Plagi unaisoma baada ya kupanda mlima na mzigo, unazima injini pale pale juu huku umeshika klachi, unafungua. Si baada ya kunguruma uani. Brathe alikuwa anapanda na mitungi ya maji badala ya maziwa, mimi nikimngoja juu na spana.

Kuna wale wa komenti ambao wataniambia nimeharibu pikipiki ya kihistoria. Mmoja aliandika ati CG asili haiwekwi kitu cha Kichina. Sawa. Lete kabureta asili, mpya, na bei yake, na ulete pia mtu atakayemngojea dada yangu kwa lango la shule. Pikipiki ya maonyesho ina haki ya kukaa na kila skrubu iliyotoka nayo Japani. Hii inaamka saa kumi na moja na nusu asubuhi.

Anko bado anasema mkopo ungekuwa rahisi. Tulipiga hesabu pamoja kwa karatasi: malipo ya kila siku ya ile pikipiki mpya yangekula karibu faida yote ya maziwa kwa mwaka mmoja na nusu. Yangu yote, kabureta, jeti tatu, plagi mbili, kichujio na paipu, haikufika elfu tatu. Alikunja ile karatasi akaiweka mfukoni. Na ile PZ30 iko kwangu, haijatumika hata mwezi. Kama uko na injini ya 200 na uko karibu na Nyahururu, niandikie inboksi. Wa 125 msijaribu.