Kidonda Ndugu

Mama yangu mkubwa, mkulima wa korosho pale Lukuledi, wilayani Masasi, aliishi na kidonda juu ya kifundo cha mguu kwa miaka tisa. Kiswahili kinakiita kidonda ndugu: kimezoeleka hata kikahesabiwa miongoni mwa jamaa. Majirani walisema amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Zahanati ilikisafisha, ikampa vidonge, ikamwambia arudi wiki ijayo. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu, nilituma fedha kila mwezi nikajiona nimetimiza wajibu. Hakuna aliyeuliza kidonda kimetoka wapi.

Jibu lilikuwa juu ya kidonda chenyewe, katika mishipa iliyojisokota chini ya ngozi kama mizizi. Ndani ya vena za miguu mna vali zinazozuia damu isirudi chini. Zikilegea, damu hutuama, shinikizo hupanda, ngozi huwa nyeusi na hatimaye hupasuka. Kutibu kidonda na kuiacha vena ni kudeki nyumba ambayo paa linavuja.

Siku alipopimwa kwa altrasaundi mjini, daktari alihakikisha kwanza kuwa ateri ni nzima, kisha akamfunga bandeji ya kubana. Akaeleza pia upasuaji mdogo: mguu hutiwa ganzi, waya mwembamba hupitishwa ndani ya vena mbovu, joto huiziba, na damu hupita katika vena nyingine. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 450 waliofungwa bandeji hizo, ulionyesha kuwa nusu ya waliozibwa vena mapema walipona ndani ya siku 56. Kwa waliocheleweshwa, zilihitajika siku 82.

Gharama ya upasuaji ilitushinda. Bandeji peke yake ilikifunga kidonda kwa miezi minne, ingawa vena mbovu ingalipo na kidonda chaweza kurudi.

Mwaka 2023 tulitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ndugu zangu watumishi wa umma, tusiipime kwa wingi wa kadi. Tuipime kwa bandeji iliyopo zahanatini, na mhudumu ajuaye kuifunga.

Juzi mama mkubwa aliniuliza, “Mwanangu, miaka yote ile, huko chuoni hukuwa na mtu wa kumuuliza?”

Nilikuwa nao wengi.