Zamu na Taharuki: Je, Michezo ya Kusubiriana Yafaa kwa Mashindano?

Aghalabu, panapotajwa mashindano ya michezo ya video, taswira inayomjia mtu ni ya vijana waliokodolea skrini macho huku vidole vikienda mbio kama vya mpiga kinanda wa taarabu. Michezo kama Dota 2 na League of Legends imejengwa juu ya kasi hiyo. Ndiposa wako wanaoshikilia kwamba michezo ya uhusika inayochezwa kwa zamu, ile ambamo mchezaji hulea kikosi cha wahusika na kukipeleka vitani kwa amri moja baada ya nyingine, haiwezi kuwa ya mashindano. Wanadai kuwa anayesubiri zamu yake hana cha kuonyesha, na anayemtazama ana kila sababu ya kusinzia.

Dai hili halina mashiko. Aliyewahi kusimama nyuma ya wacheza bao anajua jinsi kimya kinavyoweza kuwa kizito. Mchezaji huinamia mashimo 32 na kete 64, na walio nyuma yake wamekwisha kuhesabu. Kila mmoja ana mtaji wake kichwani, na wote wanangoja kuona iwapo mwenye zamu ameliona shimo waliloliona wao. Hiyo ndiyo taharuki. Sataranji nayo, mchezo wa zamu tangu jadi, iliingizwa katika Esports World Cup mjini Riyadh mwaka 2025, Magnus Carlsen akaibuka mshindi.

Kikwazo halisi kiko kwingine. Michezo ya uhusika iko karibu zaidi na riwaya kuliko uwanja wa mpira. Dragon Quest ilipotoka Japani mwaka 1986, na Final Fantasy mwaka 1987, mchezaji alipewa safari ya shujaa wa utenzi: huanza mnyonge, hukusanya nguvu saa baada ya saa, hatimaye humkabili adui mkuu. Adui huyo ni mashine, naye amewekwa pale ili mwishowe ashindwe. Sasa wakutanishe watu wawili, mmoja amelea kikosi chake kwa saa 200 na mwenzake kwa saa 20. Mshindi anajulikana kabla ya pigo la kwanza.

Pokémon, mchezo ulioanza kuuzwa Japani mwaka 1996, uliukata mzizi huo. Mashindano yake ya dunia ya mchezo wa video yalianza mwaka 2009. Kwa kanuni zilizozoeleka humo, viumbe wote hupigana wakiwa katika kiwango cha 50. Mchezaji huja na sita, huteua wanne, na wawili huwa ulingoni kwa pamoja. Zamu zenyewe si za kupokezana. Wapinzani huchagua amri zao kwa siri, kisha zote hutekelezwa, kwa kawaida mwenye kasi akitangulia. Hapa ndipo mchezo huu unapoachana na bao, ambamo kila kete iko wazi machoni pa wote. Mchezaji wa Pokémon hulazimika kuisoma nia: mwenzangu anatarajia nijikinge, basi hatanipiga, na kama hatanipiga, ya nini kujikinga?

Mwaka 2014 mjini Washington, Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa akiwa na Pachirisu, kiumbe mdogo mfano wa kindi ambaye wengi walimdharau. Kazi yake ilikuwa kuyavuta mapigo yamwangukie yeye ili mwenzake asalie. Mhusika mdogo akaibeba ploti nzima. Anayesema kwamba zamu haina msisimko na aitazame fainali ile.

Dosari zipo, na kubwa ni bahati. Nguvu ya pigo hubadilika kati ya asilimia 85 na 100, na katika matoleo ya karibuni pigo la kawaida lina nafasi moja kati ya 24 ya kuwa kali kupita kiasi. Kucheza raundi tatu hupunguza dhuluma hiyo lakini haiiondoi. Wapo wanaoiita bahati hii kachumbari ya mchezo. Aliyeondolewa mashindanoni kwa sababu yake hawezi kuionja hivyo.

Lipo pia lililopotea. Viwango vikisawazishwa, ile safari ya shujaa hutoweka. Ulingoni haingii hadithi, yanaingia matunda yake tu. Michezo ya uhusika inaweza basi kushindaniwa, ila kwa kuacha nje nusu ya uhusika wake. Na mtazamaji mgeni hana pa kushika. Viumbe hawa wamepita 1,000, na asiyewajua huona tu picha zikitikisika na nambari zikipungua. Humtegemea mtangazaji amweleze ni nani anayemwogopa nani, na kwa nini yule kindi hajaondoka njiani.