Mashini ya kushona iliyoliwa na kutu

Wengi mmetuuliza tunafanya nini kila siku ya posho nyuma ya nyumba, mikono ikiwa mieusi kama ya fundi wa magari. Juma hili tunawajibu.

Sisi ni wamama sita wa chama hiki. Tunafufua mashini za kushona za zamani ambazo kutu imezila. Kazi hiyo hailipwi, hakuna mfadhili nyuma yake, na makuta ya sanduku la akiba hayaguswi hata kidogo. Kila mmoja huchangia faranga kidogo za petroli na mafuta ya mashini, basi. Tunaifanya kwa sababu tunaipenda. Kuna anayependa kuimba kwaya, kuna anayependa kupanda maua kwenye mikebe. Sisi tunapenda kusikia chuma kilichokuwa kimya kikianza tena kutembea.

Kule Ulaya kuna watu wanaotumia siku zao za mapumziko kufufua matrekta ya zamani. Yule Ferguson mdogo wa kijivu aliyetengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, aliundwa zaidi ya nusu milioni, na mpaka leo wapo wanaomtoa vichakani na kumsugua mpaka awake, hata kama hawana shamba la kulima. Sisi hapa Murara, ambapo mawe ya volkano yanaanzia mlangoni, trekta tungeliweka wapi? Mashini ya kushona inaingia chini ya kitanda. Lakini kutu ni ileile, na visi zilizoshikamana ni zilezile.

Tutawasimulia moja tu, ya mama mzee mmoja wa kartye yetu, mjane.

Ni Singer ya pedali. Kwenye kibati chake kidogo imeandikwa 15K. Hiyo K inasimama kwa Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, karibu na Glasgow, nchini Scotland. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980, kwa hiyo mashini haiwezi kuwa changa kuliko hapo. Mama mzee anasema aliipata kwa mama yake, aliyejifunza kushona wakati wa Wabeleji katika zile nyumba za mafunzo ya wamama zilizoitwa foyer social. Kwa mashini hiyo walishona vitenge, nguo za ubatizo, mapazia, na sare za shule bila hesabu.

Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipopitisha moto katikati ya mji wetu, mama mzee alikuwa bado na nguvu. Aliifunga mashini juu ya chukudu, akavuka nayo hadi Gisenyi, akarudi nayo. Mwaka 2021 mambo hayakuwa hivyo. Volkano ililipuka tarehe 22 Mei jioni, na tarehe 27 tukaamriwa kuhama, Murara ikiwamo. Mnaikumbuka siku ile. Kila mmoja alishika watoto, mikeka na bidoni la maji. Mama mzee alishika mkono wa mjukuu wake. Mashini ilibaki.

Aliporudi, bati la chumba cha nyuma lilikuwa limetoboka. Mnajua jinsi mabati yetu yanavyokwisha upesi hapa Goma. Moshi wa Nyiragongo na wa Nyamulagira una gesi ya salfa. Ikikutana na mvua, maji yanakuwa na asidi inayokula chuma. Mashini ilikaa chini ya tundu lile msimu baada ya msimu, imefunikwa kipande cha shitingi kilichochanika. Meza yake ya mbao ilioza. Pedali ilishikamana na miguu yake. Maua ya dhahabu kwenye mwili mweusi yalipotea chini ya kutu ya rangi ya matofali.

Siku moja mnunuzi wa vyuma vikuukuu alipita na mzani wake. Bei aliyotaja haikutosha kununua mfuko wa makala. Mama mzee alikuwa karibu kukubali. Mmoja wetu alikuwepo, akamwomba: tuachie kwanza, tujaribu. Tukapatana mambo mawili siku hiyohiyo, mbele ya mjukuu wake. La kwanza, hatuahidi kwamba itashona. La pili, ikishona au isiposhona, inabaki yake. Tuliandika kwenye kikaratasi, kila mmoja akatia sahihi.

Sasa kazi yenyewe. Tunaieleza polepole, kwa sababu huenda nawe una mashini ya marehemu mama yako chini ya kitanda.

Kwanza hatukugusa turnavisi. Tulipiga picha kwa simu kila upande, ili baadaye tujue kila kitu kilikaa wapi. Halafu tukaondoa vumbi kwa brosi kavu. Vumbi la Goma ni mawe ya volkano yaliyosagwa. Ukilipaka mafuta kabla ya kulitoa, umejitengenezea msasa ndani ya mashini, nao utakwangua chuma kila gurudumu likizunguka.

Kisha petroli. Tulidondosha matone machache kila mahali chuma kinapokutana na chuma, tukafunika, tukaenda zetu. Siku ya posho iliyofuata tukarudia. Tena na tena, majuma manne. Gurudumu halikusogea hata unene wa ukucha. Mume wa mmoja wetu alikuja na nyundo, tukamshukuru, tukampa chai, nyundo ikarudi nyumbani. Chuma cha mwili wa mashini hizi ni cha kuyeyushwa na kumiminwa. Ukikipiga hakipindi, kinapasuka, na kikipasuka hakuna wa kukiunga vizuri.

Angalieni wamama: petroli na mbabula havikai uwanja mmoja. Siku za kazi hii tunapika mapema, makala yanazimwa kabisa, na watoto wanakaa mbali. Chupa ya petroli isiwe ya Fanta wala ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi kilichoandikwa.

Juma la tano tulitoa sahani ya chini na kisanduku cha bobini. Huko ndiko tulikokuta kisa. Uzi wa zamani, mweusi wa mafuta, ulikuwa umejiviringisha nyuma ya ndoano inayozungusha uzi, umekaza kama kamba ya mbuzi. Tuliutoa kwa sindano na kibano cha nyusi, kipande kwa kipande, karibu saa mbili nzima. Gurudumu likasogea kidogo mbele, kidogo nyuma. Tulipiga kelele mpaka majirani wakafikiri kuna msiba. Tangu hapo tunajua: mashini ikigoma, kabla ya kulaumu kutu, tazama kwanza uzi.

Visi ndogo na vipande vya chuma tuliviloweka usiku mmoja kwenye vinegre. Asubuhi kutu inatoka kwa brosi ya meno. Lakini usiviache humo siku tatu, vinegre nayo inakula chuma. Vioshe kwa maji ya sabuni, vikaushe palepale, vipake mafuta kabla hujakwenda kupokea simu. Kila visi iliwekwa kwenye kifuniko chake cha chupa, na kila kifuniko kikapewa namba.

Mwili mweusi hatukuugusa kwa msasa. Tulitumia kitambaa laini na mafuta ya mashini, tukisugua duara ndogo ndogo. Upande mmoja maua ya dhahabu yalirudi, upande wa pili yamekwenda. Tumeacha hivyo. Ndivyo ilivyoishi.

Mafuta ya kulainisha yawe ya mashini, yale meupe mepesi yanayouzwa kwa chupa ndogo. Mafuta ya mboga na mawese hapana. Yakikaa yanaganda kama gundi, na mashini nyingi tunazoletewa hazina kutu kali; zimefungwa na mafuta ya jikoni.

Bobini na kisanduku chake tulinunua Birere. Watu hudhani vipuri vya Singer ya zamani havipatikani. Kwa hii 15 vinapatikana, kwa sababu Wajapani na Wachina waliiga umbo lake, na Butterfly nyingi zilizo kwenye ateliye zetu ni watoto wake: bobini ya moja inaingia kwenye nyingine. Mkanda wa ngozi tulinunua mpya. Meza ilichongwa na fundi seremala anayechonga chukudu hapa karibu. Ni nzito, haina urembo, lakini haitikisiki.

Jambo la mwisho lililotutesa ni sindano. Mashini ilizunguka vizuri lakini haikufunga mshono hata mmoja. Jibu lake: kwa aina hii, upande bapa wa sindano unatazama kushoto, na uzi unaingizwa kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume na mashini nyingi za leo. Tulipogeuza, mshono ulikuja, ulionyooka, juu ya kipande cha kitenge cha zamani. Ilikuwa mwezi wa tano tangu tulipoanza.

Mama mzee aliletwa. Aliketi, akavua viatu, akaweka miguu juu ya pedali. Hakusema neno. Alishona kile kitambaa mpaka mwisho, akakigeuza, akashona tena mpaka mwisho.

Hapa ndipo palipokuwa pagumu, na hatutaki kuwaficha.

Mashini ya kutupwa haina ndugu. Ikishapona, ndugu wanaonekana. Ndani ya juma moja mtu alimletea mama mzee ofa ya dola tisini. Dola tisini, kwa familia ambayo tangu benki nyingi za mji zilipofunga milango Januari 2025 inahesabu kila noti, ni kitu kikubwa. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini mjukuu wa kiume yuko sekondari, na huko wanalipa. Binti ya mama mzee alisema waziwazi: tuuze. Mjukuu wa kike, aliyejifunza kushona kwenye ateliye kwa mashini ya kuazima, hakusema kitu, ila alitoka nje akakaa juu ya mawe.

Kati yetu pia maneno yalikuwepo. Mmoja alisema: tumetoa siku za posho ishirini, kwa nini iende kwa mgeni? Mwingine akasema chama kiinunue. Tulitoa kile kikaratasi tukakisoma kwa sauti. Kinasema inabaki yake. Yake maana yake ni pamoja na kuuza. Tulimwambia hivyo mama mzee, na kwamba akiuza hakuna atakayemnunia. Kazi tuliyoifanya tulikwisha kulipwa siku gurudumu liliposogea.

Familia ilikaa jioni mbili. Walichoamua ni hiki: mashini ibaki mpaka mwisho wa mwaka wa shule. Mjukuu wa kike atashona, na sehemu ya kwanza ya kila anachopata itaenda kwenye karo ya mdogo wake. Kabla ya shule kufunguliwa Septemba alishona sare, mashati meupe na sketi za bluu, nyingi za watoto wa avenyu hiyohiyo. Karo ya kipindi cha kwanza ilipatikana, isipokuwa kiasi kidogo ambacho shule imekubali kungoja. Cha pili hatujui. Kama haitatosha, mashini itauzwa, na sisi wenyewe tutaifunga vizuri isikwaruzwe njiani.

Wapo wanaotuuliza, basi mnapata nini? Tunapata saa tatu kwa juma ambazo hatuzungumzii bei ya unga wala habari za redio. Tunapata kujifunza kitu katika umri ambao watu wanadhani tumemaliza kujifunza. Na watoto wetu wanaona mama zao wakifungua chuma na kukirudisha bila visi kubaki mezani. Kweli, mara ya kwanza zilibaki mbili. Tulirudi kwenye picha za simu.

Sasa tuna mashini nyingine mbili zinazongoja petroli. Moja ni ya mkono, ina mpini uliovunjika. Nyingine kutu imeingia mpaka kwenye mhimili wake, na huenda haitapona; tumemwambia mwenyewe hivyo tangu siku ya kwanza.

Mwenye mashini iliyolala, asiipe mnunuzi wa vyuma kabla hatujaiona. Tunakutana siku ya posho baada ya kufua, kuanzia saa nane ya mchana. Njoo na mashini, njoo na nguo ya kuchafuka, na uje na kalamu: kikaratasi cha kusema mashini ni ya nani kinaandikwa kwanza. Anayetaka kujifunza tu, bila mashini, pia aje. Turnavisi tunazo tatu.